Siku ya Pili au ya Nne? Kisa cha Dondakoo katika Nyumba ya Wakulima, Marekani, 1909

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua dondakoo kwa jina tu. Liko kwenye kadi ya kliniki pamoja na kifaduro na pepopunda. Mtoto anachomwa sindano, analia, habari inaishia hapo. Kwa wakulima wa mahindi wa Marekani mwaka 1909 lilikuwa ugonjwa wa kila msimu wa baridi, na dawa yake ya kweli ilikwishapatikana. Kisa hiki kinahusu dawa iliyokuwapo, daktari aliyeijua, na hesabu ya siku iliyokosewa.

Karatasi na nyumba

Majina, kaunti na jimbo vimeondolewa, na tarehe zimegeuzwa kuwa siku. Karatasi zilizotumika ni sita: shajara ndogo ya mama, yenye mistari mitano kwa kila siku, daftari la baba la mapato na matumizi, barua nne za mama kwa dada yake, ankara ya daktari, inayoonyesha kila ziara na kila dozi, kadi ya majibu ya maabara, na karatasi ya kumhudumia mgonjwa, ambayo mama aliichora mistari nyuma ya kalenda ya duka la mbegu.

Nyumbani walikuwamo wazazi, bibi mzaa baba, na watoto wanne: msichana wa miaka 9, mvulana wa 6, msichana wa 4, na mchanga wa miezi 8. Kibarua mmoja alilala chumba kilicho juu ya jiko. Mjini ni maili 9, yaani kilomita 14 na ushei, kwa gari la farasi. Simu ilikuwapo, ya waya mmoja unaounganisha nyumba kadhaa, hivyo ukimpigia daktari mtaa mzima unajua. Kipimajoto hakikuwapo. Malai ya ng'ombe yalipelekwa kiwanda cha siagi kila Jumamosi, na hiyo ndiyo ilikuwa pesa taslimu ya majira ya baridi.

Upande wa tiba, mambo yalikuwa yamekwenda mbali. Mtafiti Klebs alimwona bakteria wa dondakoo mwaka 1883, Loeffler akamkuza mwaka uliofuata, na mwaka 1890 Behring na Kitasato wakaonyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya bakteria huyo inaweza kuikata sumu hiyo. Kufikia 1895 idara ya afya ya Jiji la New York ilikuwa inatengeneza na kugawa dawa hiyo, antitoksini, kutokana na seramu ya farasi, yaani maji ya damu yake. Mwaka 1901, huko St. Louis, seramu ya farasi mmoja aliyekuwa na pepopunda iliua watoto 13. Mwaka 1902 ikatungwa sheria ya leseni na ukaguzi, na kuanzia 1905 nguvu ya dawa ikapimwa kwa yuniti za serikali. Vijijini hofu ilidumu kuliko sheria. Barua ya pili inasema bibi hakutaka mjukuu wake aingizwe maji ya farasi.

Ukitazama mkoba wa daktari wa wakati ule, antitoksini ilikuwa miongoni mwa vitu vichache humo vilivyoponya kweli. Mengi ya mengine yalipunguza maumivu, yaliharisha, au yalimpa mgonjwa kitu cha kumeza.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya 1, Alhamisi. Shajara inasema mvulana ameacha mkate wake wa mahindi, koo linamwuma, na kwamba nguo zimefuliwa. Alifungwa shingoni kitambaa cha flana kilichopakwa mafuta ya bata bukini na tapentaini.

Siku ya 2. Shajara inazungumzia siagi tu. Neno koo halimo.

Siku ya 3, Jumamosi. Baba alipeleka malai na mayai mjini. Katika daftari, upande wa matumizi, kuna tapentaini senti 10, klorati ya potasi senti 10, salfa senti 5. Mfamasia yeyote angeisoma orodha hiyo: ya kwanza ni ya kuchua, ya pili ya kusukutua, ya tatu ni unga wa kupuliziwa kooni kwa mrija wa karatasi. Jioni jirani alimchungulia mtoto, akaona weupe upande mmoja, akasema ni mafindofindo.

Siku ya 4, Jumapili. Weupe umekuwa kijivu, umefika pande zote mbili, na pumzi inanuka. Bibi alichovya unyoya wa kuku katika mafuta ya taa akajaribu kuufuta utando. Ukatoka kipande, damu ikafuata. Hapo ndipo simu ikapigwa. Daktari alifika saa 3 usiku. Akakuta utando umefunika tonsili zote mbili na kimeo, tezi za shingo zimevimba, na joto ni digrii 101 za Fahrenheit, karibu 38.3 za Selsiasi. Alichukua sampuli kwa pamba, kisha akamdunga mtoto yuniti 3,000 chini ya ngozi ya mgongo, katikati ya mabega. Hakuwa na zaidi. Usiku huohuo baba alimlipa kibarua ujira wake, na kibarua akaondoka.

Siku ya 5, Jumatatu. Daktari alirudi adhuhuri na yuniti 5,000 nyingine kwa mvulana, pamoja na dozi ndogo za kinga kwa watoto wengine. Lakini msichana wa miaka 4 alikuwa ameamka akilalamika koo. Katika tonsili moja kulikuwa na doa dogo lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Huyu akapewa yuniti 3,000 palepale. Msichana mkubwa alipata 1,000, mchanga 500. Bango la karantini likapigiliwa mlangoni.

Siku ya 6 hadi ya 9. Kingo za utando zilijikunja, zikabanduka vipande vipande. Kufikia siku ya 9 makoo ya wote wawili yalikuwa safi. Kadi ya maabara ilifika siku ya 8: bakteria wa dondakoo wameonekana.

Siku ya 12. Mvulana alitokwa na vipele vya kuwasha mwili mzima na viungo vikamwuma. Ni mwili kuikataa seramu ya farasi, jambo la kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya sindano. Likaisha lenyewe.

Siku ya 15. Maziwa yakaanza kumtoka puani na sauti ikawa ya king'ong'o. Mama alipiga simu. Daktari akasema kaakaa limepooza kwa muda, apewe vyakula vizito badala ya maji maji. Ushauri ulikuwa sahihi: uji mzito na mayai yaliyogandishwa kwa maziwa hushuka vizuri pale ambapo maji yanapanda puani.

Siku ya 19, Jumatatu. Karatasi ya huduma inaonyesha maziwa saa 4 asubuhi. Barua ya tatu inasema mama alishuka jikoni, na barabarani ikapita injini ya mvuke ikivuta mashine ya kupukuchulia mahindi, ikielekea shamba la mbele. Ilipiga honi. Aliporudi alimkuta mvulana amesimama dirishani. Alimrudisha kitandani, akatapika, akasema tumbo linamwuma, akawa mweupe. Alifariki kabla ya saa 9 alasiri.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kungoja siku tatu, haukuwa uzembe. Dondakoo humdanganya mwangalizi kwa sababu homa yake mara nyingi si kali. Mtoto wa mafindofindo anaweza kuwaka kuliko wa dondakoo. Nyumba isiyo na kipimajoto ilipima kwa kiganja, na kiganja kilisema afadhali. Tena ziara ya daktari ililipiwa na maili pia, na usiku zaidi.

Uamuzi wa daktari wa kudunga bila kusubiri maabara ulikuwa bora kuliko mengine yote katika kisa hiki. Mjini, bomba la sampuli lililala usiku mmoja kwenye joto la mwili na jibu likatoka kesho yake. Hapa bomba lilipanda treni hadi maabara ya jimbo, na jibu likarudi baada ya siku nne. Angelingoja, mvulana angedungwa siku ya 8.

Kiasi cha dawa ndicho kinachohitaji kutazamwa. Yuniti 3,000 hadi 5,000 zilikuwa dozi ya kawaida ya mgonjwa wa mapema mwenye utando mdogo. Mgonjwa aliyechelewa, mwenye utando hadi kwenye kimeo na shingo iliyovimba, vitabu vya wakati ule vilitaka apewe 10,000 au zaidi, na mapema iwezekanavyo. Mvulana alipata 8,000 kwa mafungu mawili yaliyopishana saa 15. Kwa nini? Kadi ya maabara inajibu. Inarudia maelezo yaliyoandikwa wakati sampuli ilipochukuliwa, na humo mgonjwa ametajwa kuwa katika siku ya 2 ya ugonjwa.

Amri ya kulala chali ilitolewa waziwazi: wiki tatu, bila mto, haja kwenye chombo, asiketi hata kula. Karatasi ya huduma inaonyesha mama aliifuata kwa uangalifu wa kutisha. Kila saa mbili aunsi 4 za maziwa, kama mililita 120, kwa mrija wa kioo. Mara tatu kwa siku striknini na wiski kidogo ya kuchangamsha moyo, ambayo siku hizi hakuna daktari angeitoa. Na kila asubuhi na jioni mapigo.

Matokeo

Msichana wa miaka 4 alikuwa mzima siku ya tano baada ya sindano yake na hakupata matatizo yoyote baadaye. Mkubwa na mchanga hawakuugua. Mvulana alizikwa bila mkusanyiko, kwa sababu ya karantini. Nakala ya cheti cha kifo iliyohifadhiwa inataja moyo kushindwa kufanya kazi, muda saa nne. Neno dondakoo halimo. Anayehesabu vifo vya dondakoo vya kaunti ile kwa kutumia vyeti hatampata mtoto huyu.

Chumba kilifukizwa kwa formaldehaidi: nyufa zilizibwa kwa karatasi na gundi ya unga, fomalini ikamiminwa juu ya pamanganeti ndani ya ndoo kubwa, kubwa kwa sababu mchanganyiko huo huchemka ghafla na kufurika, kisha mlango ukafungwa usiku kucha. Kazi nyingi kwa faida ndogo. Mwenye kueneza dondakoo ni binadamu mwenye bakteria kooni, akiwa mgonjwa au mzima, kuliko ukuta.

Kilichofaa

Nyumba hii ilifanya jaribio bila kukusudia. Watoto wawili, ugonjwa mmoja, daktari mmoja, dawa moja. Aliyedungwa siku yake ya 1 alipona kwa yuniti 3,000. Aliyedungwa siku yake ya 4 alipata karibu mara tatu ya hizo na hakupona. Hospitali za miji mikubwa zilikwishaona hivyohivyo kwa maelfu ya wagonjwa: waliodungwa siku ya kwanza karibu wote walipona, na vifo vikapanda kwa kila siku iliyopotea.

Sababu iko katika namna sumu inavyosafiri. Bakteria anabaki kooni. Sumu yake inaingia kwenye damu, inashika misuli ya moyo na mishipa ya fahamu. Antitoksini inaikamata sumu iliyo huru. Ile iliyokwisha kushika haibanduki. Ndiyo maana koo lilisafika siku ya 9 kwa wote wawili, na barua ya pili, iliyoandikwa siku ya 10, ni ya furaha tupu. Mama aliona alichoweza kuona. Zaidi ya hapo, dawa iliyodungwa chini ya ngozi haifiki yote kwenye damu mara moja. Hufyonzwa polepole kwa siku mbili tatu. Dozi ya Jumapili usiku ilikuwa bado inaingia Jumanne.

Kinga kwa wasioumwa nayo ilikuwa sahihi, ingawa ni ya wiki chache tu. Chanjo yenyewe ya dondakoo, ile tunayoijua, ilikuwa bado miaka mingi mbele.

Kilichoharibika

Mafuta ya taa na unyoya havikumwua mtoto, lakini vilichubua. Msomaji aliyekulia palipokatwa kimeo atalitambua wazo hilo: kooni kuna kitu kibaya, basi kitolewe. Utando wa dondakoo si uchafu uliokaa juu. Ni nyama iliyokufa ikiwa bado imeshikana na iliyo hai, na ukiuvuta unatoka damu, kisha unaota tena. Kwa kweli kule kutoka damu kulikuwa dalili nzuri ya kutambua ugonjwa. Mafindofindo huacha usaha unaofutika.

La pili ni malai. Daftari la baba linaonyesha mapato ya malai siku ya 3, siku ya 10 na siku ya 17, Jumamosi zote tatu, bila kupungua. Bango lilikuwa mlangoni. Aliyeyapeleka hatajwi, na barua zote nne ziko kimya. Kwamba maziwa yanaweza kubeba dondakoo lilikuwa jambo linalojulikana. Kibarua naye aliondoka saa chache kabla ya bango. Nyumba aliyohamia ilifungwa kwa karantini wiki mbili baadaye, inasema barua ya tatu. Dondakoo huchukua siku mbili hadi tano kujitokeza, kwa hiyo wiki mbili ni nyingi kidogo, isipokuwa kama alikuwa amebeba bakteria kooni bila kuugua. Haithibitiki. Ila karantini inayoanza baada ya watu kutawanyika ina kazi ndogo.

La tatu ndilo linalouma zaidi, na limeandikwa kwa mkono wa mama mwenyewe. Safu ya mapigo katika karatasi ya huduma inasomeka 104, 100, 96 katika wiki ya kwanza. 92, 90 katika ya pili. Siku ya 17 ni 66. Siku ya 18 ni 60, na jioni 58. Mtoto wa miaka 6 anayelala kitandani huwa na mapigo kama 90. Kushuka kiasi hicho, wiki ya tatu ya dondakoo, siku mbili baada ya kaakaa kupooza, ni moyo ambao njia zake za umeme zimekatika. Yote yaliandikwa kwa saa na dakika. Hakuna aliyemwambia mama namba ipi ni ya kupigia simu. Alikuwa ameelekezwa kuogopa joto na mapigo ya kasi, naye akayaona mapigo yakitulia. Huenda aliona ni nafuu. Je, daktari angeweza kufanya nini? Mwaka 1909, pengine kidogo sana. Lakini mtu mmoja angekaa kitandani pale mchana na usiku, na mvulana asingefika dirishani.

Kusoma karatasi hizi

Barua ya nne inamwambia dada kwamba daktari aliitwa siku ya pili. Ankara inasema Jumapili usiku, na shajara inaanza Alhamisi. Ni rahisi kusema mama alijipunguzia mzigo, na wapo wanaosoma karatasi za familia kwa namna hiyo. Fedha kwanza, wanasema, kwa sababu hakuna anayeandika senti 5 za salfa ili kumfariji mtu, shajara pili, barua mwisho. Kwa tarehe, mpangilio huo ni mzuri na mimi nauafiki.

Ila hapa kadi ya maabara inasema jambo lilelile kama barua: siku ya 2. Maelezo inayoyarudia yaliandikwa Jumapili usiku, mtoto yu hai, hakuna la kujilaumu bado. Kwa hiyo hesabu ya mama haikubadilika baada ya msiba. Aliianzia pale jirani alipoona weupe, Jumamosi jioni. Kwa kipimo chake, koo linalouma lilikuwa koo tu. Ugonjwa ulianza ulipoonekana. Daktari aliuliza ameumwa tangu lini, akajibiwa kwa ukweli, akadunga dozi ya siku ya pili.

Swali la kuuliza lilikuwa jingine: mara ya mwisho alikula akamaliza ni lini? Hilo mama alikuwa na jibu lake, kwa wino, katika mstari wa kwanza wa Alhamisi, pale mkate wa mahindi ulipobaki kwenye sahani.